Ukaguzi wa malori katika barabara za Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa madereva, utingo na wamiliki wa malori wanaoingia na kutoka Mwanza kwa njia tatu kubwa: ya Shinyanga kupitia Usagara na Misungwi, ya Musoma kupitia Kisesa na Magu, na ya Sengerema na Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Dereva anayelalamikia ukaguzi huchukuliwa haraka kuwa mtu anayetaka aachwe na gari lake bovu. Wako wa namna hiyo, lakini wengi wanaouliza maswali yaliyo hapa chini hawapingi kukaguliwa. Wanachopinga ni kukaguliwa upya na kila anayevaa sare, na kutozwa kwa taa iliyoungua kiasi kilekile anachotozwa mwenye breki mbovu. Malalamiko hayo yana msingi, na katika sehemu kadhaa za majibu haya tumeyaunga mkono.

Kwa nini ninasimamishwa mara nyingi katika safari moja?

Kwa sababu kinachoonekana kuwa ukaguzi mmoja unaorudiwa ni kaguzi kadhaa tofauti, kila moja ikiwa na sheria yake na ofisi yake. Polisi wa usalama barabarani wanasimamia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayogusa uzima wa gari, leseni ya dereva na namna anavyoendesha. TANROADS, wakala wa barabara kuu, wanasimamia uzito kupitia mizani. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inasimamia leseni ya usafirishaji wa mizigo. TRA, mamlaka ya mapato, wanaangalia risiti za EFD (za mashine za kielektroniki) na, kwa mzigo unaopitishwa kwenda nchi jirani, nyaraka za forodha na kufuli zake. Halmashauri zina mageti ya ushuru wa mazao, na aliyebeba samaki, mbao au ng'ombe ana idara nyingine zinazomsubiri.

Juu ya hayo yote iko mipaka ya mikoa. Lori linalotoka Igoma, Mwanza, kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, linapita Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Morogoro na Pwani, na kila mkoa una mkuu wake wa usalama barabarani na askari wake. Askari wa Nzega, Tabora, hana namna ya kujua kwamba breki zako zilikaguliwa Misungwi asubuhi ileile na kukutwa nzima, kwa sababu ukaguzi uliokwenda vizuri kwa kawaida hauachi karatasi yoyote. Kinachoandikwa ni kosa, uzima hauandikwi. Hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote katika mfumo wetu, na itarudi tena katika majibu mengine.

Nani hasa ana mamlaka ya kunisimamisha?

Askari polisi aliyevaa sare akikupa ishara ya kusimama unawajibika kusimama, na akiomba leseni unawajibika kuionyesha. Ofisa wa taasisi nyingine anapaswa kujitambulisha, nawe unayo haki ya kumwomba kitambulisho kwa adabu kabla ya kumkabidhi nyaraka. Nyaraka ikichukuliwa na kubaki mikononi mwa ofisa, omba maandishi yanayoonyesha nani ameichukua, lini na kwa sababu gani.

Taa moja imeungua njiani nami sijui, nimeandikiwa. Je, ni halali?

Kisheria ni halali, kwa kuwa sheria inadai gari liwe zima wakati wote linapokuwa barabarani, na haiulizi taa iliungua saa ngapi. Kama ni haki ni jambo jingine.

Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo kwa magari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa, bila kujali ukubwa wa kosa lenyewe. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza kiwango cha pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000, yaani ilikubali kwamba faini inaweza kupangwa kwa kutazama uwezo wa anayetozwa. Hatua hiyo haikugusa uzito wa kosa. Balbu ya taa ya pembeni ya tela inauzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na faini hiyo, na utingo anaibadilisha kabla askari hajamaliza kuandika. Hosi ya upepo inayovuja inaweza kulitupa lori zima katika mteremko. Makosa haya mawili yakitozwa bei moja, dereva anafundishwa kwamba yote mawili ni gharama ya safari tu, na akishafundishwa hivyo anaacha kuyatofautisha hata kichwani mwake. Hilo ndilo dhara ambalo wanaotetea ukali hawalitaji, nalo linahusu usalama wenyewe wanaoutetea.

Askari pia ana nafasi ya kutumia busara: kuonya, kuelekeza kosa lirekebishwe palepale, au kuandika. Ukisimamishwa kwa kosa linalorekebishika mara moja, ni sahihi kabisa kusema, "Afande, naomba nibadilishe sasa hivi uone," ukiwa na balbu mkononi. Dereva anayebeba balbu, fyuzi na waya wa akiba ana hoja; asiye navyo ana ombi tu.

Ni makosa gani madogo yanayolalamikiwa zaidi?

Viakisi mwanga vilivyochakaa au kufunikwa na tope, waipa isiyofanya kazi wakati wa kiangazi, kioo cha mbele chenye ufa, kioo cha pembeni kilichovunjika, kibao cha namba kisichosomeka, mtungi wa kuzimia moto uliopita muda wake, pembetatu za tahadhari kukosekana au kuwa moja badala ya mbili, turubai lililolegea, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama (kampeni ya usalama barabarani ambayo magari hukaguliwa na kubandikwa stika) kutokuwepo.

Si yote yana hadhi moja, na madereva wenyewe wanapaswa kukubali hilo. Waipa mwezi wa Julai inaweza kungoja hadi gereji. Viakisi mwanga haviwezi kungoja. Sehemu kubwa ya barabara hizi haina taa, mabega yake ni membamba, na lori lililoharibika usiku likiwa limewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu linaonekana na anayekuja nyuma akiwa ameshalikaribia mno. Tunasema hivi tukijua kuwa msomaji angependa kusikia kwamba yote ni uonevu. Karatasi ya viakisi inauzwa kwa mita mjini, inabandikwa kwa dakika chache, na ni vigumu kumtetea mwenye lori aliyeshindwa kuinunua.

Nikiona sikutenda kosa, ni lazima nikubali kuandikiwa?

Hapana. Faini ya papo kwa papo ni njia ya kumaliza jambo bila kufika mahakamani, na inasimama juu ya msingi kwamba umekiri kosa. Dereva anayekana ana haki ya kusikilizwa na mahakama, na hapaswi kutishwa kwa sababu ya kuchagua njia hiyo.

Ugumu ni wa kivitendo. Lori lenye mzigo wa nyanya au samaki haliwezi kungoja siku ya kesi, mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, na bosi anahesabu siku. Kwa hiyo wengi hulipa kosa wasilolikubali kwa kuwa haki ni ghali kuliko faini, na takwimu zikijumlishwa wanaonekana wamekiri. Ukiamua kupinga, andika muda, mahali, jina na namba ya askari na maneno ya kosa kama yalivyoandikwa kwenye notisi. Piga picha ya kitu kinachobishaniwa, kwa mfano tairi au kibao cha barabarani, kabla gari halijaondoka mahali hapo. Ukitaka kulalamika bila kwenda mahakamani, ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa mkoa husika ndiyo mlango wa kwanza, na lalamiko lenye picha na muda husikilizwa tofauti na lenye hasira peke yake.

Nikilipa, nitajuaje kwamba deni limefutika?

Malipo hufanywa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye notisi. Askari hapaswi kupokea fedha taslimu. Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni ambao mtu huingiza namba ya gari na kuona faini zake zinazodaiwa. Angalia siku chache baada ya kulipa, kwa sababu faini ikichelewa huongezewa adhabu, na deni likibaki kwenye mfumo utasimamishwa tena kwa ajili yake.

Anayenunua lori lililotumika afanye hivyo kabla ya kutoa fedha. Madeni hayo yanafuata namba ya gari, na muuzaji akishapokea chake hapatikani tena.

Faini analipa nani, mimi dereva au mwenye gari?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, kwa sababu chini ya mti wanapopumzika madereva wa Nyakato au Usagara mazoea ni mamoja: faini yoyote inakatwa kwenye posho ya dereva, iwe ya mwendo kasi aliouchagua yeye, iwe ya tairi kipara alilolilalamikia kwa bosi kwa miezi.

Tuanze na kosa lenyewe. Makosa ya uendeshaji, kama mwendo kasi, kupita gari jingine mahali palipokatazwa au kutofunga mkanda, ni ya dereva. Makosa ya ubovu wa gari yanamgusa anayeliendesha, na yanamgusa pia anayeruhusu gari bovu litumike. Kwa hiyo mwenye lori hawezi kusema kwamba ubovu ni shauri la dereva. Kwa upande wa pili, dereva aliyeondoka na gari akijua ni bovu hawezi kujitoa kabisa, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Halafu kuna mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata ujira wa mfanyakazi isipokuwa pale makato yanaporuhusiwa na sheria au makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, yanapotokana na amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe anapoyakubali kwa maandishi. Hata kwa makato ya kufidia hasara, mwajiri anatakiwa kumweleza mfanyakazi kwa maandishi chanzo na kiasi chake na namna alivyokikokotoa, ampe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira. Bosi anayemaliza posho yote ya safari kwa sababu ya faini tatu za taa na viakisi, bila karatasi, yuko nje ya utaratibu huo.

Kinachowaangusha madereva ni kukosa maandishi. Wengi hawana mkataba, na wanalipwa kwa safari kwa makubaliano ya mdomo. Njia nyepesi ya kujilinda ni ujumbe wa simu: kabla ya kuondoka, mtumie mwenye gari picha ya kasoro na maneno mafupi, kwa mfano, "Bosi, tairi la kulia nyuma kwenye tela limeisha, naomba libadilishwe kabla sijatoka." Ujumbe huo una tarehe na saa. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza, ujumbe wa namna hiyo una thamani kuliko mashahidi watano wa kijiweni. Lalamiko la makato linapaswa kupelekwa ndani ya siku 60, na la kuachishwa kazi ndani ya siku 30.

Mizani inafanyaje kazi, na kwa nini lori lililopita mahali pamoja linakamatwa pengine?

Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2019. Uzito unapimwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja: jumla ya gari na mzigo wake, isiyozidi tani 56, na uzito wa kila ekseli (mhimili wa magurudumu) au kundi la ekseli. Ekseli ya usukani ina kikomo cha tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne, tani 10. Kundi la ekseli mbili zenye tairi nne kila moja, tani 18. Kundi la ekseli tatu za namna hiyo, tani 24. Semi tela ya kawaida yenye ekseli sita kwa hiyo inaishia tani 50, si 56, jambo ambalo wapakiaji wengi hawalijui au hujifanya hawalijui. Waliofunga tairi pana moja badala ya mbili wana vikomo vya chini zaidi.

Hapo ndipo penye jibu la swali la pili. Lori linaweza kuwa na jumla iliyo sawa lakini ekseli moja ikazidi, kwa sababu magunia yalijazwa nyuma, au mzigo ulisogea kwenye mashimo na breki za ghafla. Marobota ya pamba yaliyofungwa vibaya husogea. Mzigo unaonyonya maji, kama mbao au dagaa kwenye viroba chini ya turubai bovu, huongezeka uzito ukinyeshewa. Lori likipita kwenye mizani moja kwa kupungukiwa kidogo tu na kikomo, lina kila sababu ya kukamatwa kwenye ya pili. Ikiwa jumla haijazidi, omba kupanga upya mzigo na kupima tena kabla ya kukubali malipo.

Madereva husema kilo mia mbili haziwezi kuharibu barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake, ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12 haiongezi uharibifu kwa asilimia 20; inaufanya uzidi mara mbili. Ukali wa mizani, tofauti na ukali wa waipa, una hesabu nyuma yake. Ambacho hakina hesabu ni kumwadhibu dereva kwa mzigo aliopakiwa ghalani na watu wasiompa nafasi ya kupima. Mwenye mzigo ndiye anayefaidika na tani za ziada, na mazungumzo kuhusu nani alipe yafanyike kabla turubai halijafungwa.

Nimepigwa tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, sehemu ambayo sikuona kibao cha kikomo. Nifanye nini?

Kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na gari la biashara lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halipaswi kuvuka kilomita 80 kwa saa hata pale barabara inapokuwa wazi. Dereva wa lori anayesema "palikuwa na njia nyeupe nikaenda 95" amejifunga mwenyewe.

Pale kibao kilipong'olewa, kilipofunikwa na majani au kilipowekwa upande mmoja tu, omba kuonyeshwa picha ya tochi yenye mwendo, muda na mahali, kisha piga picha sehemu ambayo kibao kilipaswa kuwa. Picha kutumwa kwa simu kwa askari aliye mbele ndiko kunakozua ubishi mwingi zaidi, hasa namba isiposomeka vizuri au malori mawili ya rangi moja yanapofuatana. Namba isiyosomeka ni sababu nzuri ya kukana.

Ninabeba samaki. Je, kuna utaratibu wa kunipunguzia muda?

Hakuna upendeleo wa kisheria wa kupita bila kukaguliwa, ila kuna mambo yanayopunguza kusimama. Mzigo wa sangara unaotoka Mwanza una barafu, na barafu haijui kwamba kibali kilisahaulika ofisini. Usafirishaji wa samaki uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na mkaguzi atataka kibali cha kusafirisha, risiti na nyaraka za afya ya mazao. Ataweza pia kupima samaki wenyewe, kwa kuwa sangara walio chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi. Ukaguzi huo ukifanyika mwaloni Kirumba kabla ya kupakia, mbele ya ofisa wa uvuvi, unaokoa saa nyingi barabarani, kwa sababu hakuna mtu anayeshusha masanduku njiani kwa furaha.

Maji ya samaki yanayovuja barabarani huandikiwa, na ni sawa yaandikiwe.

Askari akiomba "ya soda" ili anisamehe kosa dogo, nifanye nini?

Usitoe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji sawa na anayepokea. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, ambayo haina malipo. Taarifa yenye muda, mahali na namba ya askari ndiyo inayofanyiwa kazi.

Ni vema kusema wazi jinsi wingi wa makosa madogo unavyokuza tabia hii. Lori likiwa na vipengele vingi vinavyoweza kuandikiwa kila kimoja kwa shilingi 30,000, askari asiye mwaminifu hahitaji kubuni kosa. Anahitaji kuhesabu tu, kisha kutaja jumla, kisha kunyamaza. Dereva mwenye shilingi 50,000 za safari nzima anajua hesabu hiyo inaelekea wapi. Kupunguza na kupanga makosa kwa uzito wake kungemnyima askari huyo silaha, na kungewaacha wengi walio waaminifu wafanye kazi bila kushukiwa.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Marekani inafaa kutajwa kwa sababu ukaguzi wake ni mkali na madereva wake wanalalamika vilevile. Ukaguzi kamili wa barabarani kule una hatua 37, kuanzia nyaraka za dereva hadi breki chini ya gari. Lori lisilokutwa na kasoro kubwa hubandikwa stika ya ukaguzi inayotambulika kwa hadi miezi mitatu, na wakaguzi wengine wakiiona kwa kawaida huliacha lipite isipokuwa waone tatizo la wazi. Tangu mwaka 2010 pia kuna mfumo wa kumbukumbu za usalama wa kampuni, ambao kwa miaka mingi umeyapa makosa uzito wa kuanzia 1 hadi 10.

Malalamiko ya huko yanatokana na kumbukumbu hiyo: taa moja iliyoungua inabaki kwenye rekodi ya kampuni kwa miezi 24, na kampuni zenye rekodi mbaya hukosa mizigo. Kwa hiyo hawajafika peponi. Lakini mambo mawili wanayo ambayo sisi hatuna: karatasi inayosema gari hili limekaguliwa na ni zima, na tofauti ya uzito kati ya kosa na kosa. Stika yetu ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ingeweza kufanya kazi ya kwanza, kama askari wa mkoa wa pili wangeiheshimu kuwa uthibitisho wa ukaguzi badala ya kuihesabu kuwa kipengele kimojawapo cha kukagua.

Je, kuna mpango wa kuunganisha vituo vya ukaguzi?

Upo kwa ushoroba wa kati, yaani barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na kwingineko. Mpango ni wa vituo vya pamoja katika maeneo ya Vigwaza, Muhalala karibu na Manyoni, na Nyakanazi, ambapo polisi, mizani na forodha wanakuwa sehemu moja ili lori lisimame mara moja kwa kazi ya wote. Lengo lake kuu ni mizigo ya nchi jirani. Lori la Mwanza lenye saruji ya kwenda Bunda, au mchele wa kwenda Geita, halitaguswa sana na mpango huo, na bado litaendelea kusimama kwa kila ofisi peke yake.

Daraja la Kigongo–Busisi limebadilisha chochote katika ukaguzi?

Limebadilisha muda zaidi kuliko ukaguzi. Kabla ya daraja hilo la kilomita tatu kufunguliwa Juni 2025, malori yalipanga foleni ya kivuko, na foleni hiyo ilikuwa pia nafasi ya kukaza kamba, kubadilisha balbu na kulala kidogo. Sasa gari linavuka kwa dakika chache, na dereva anafika upande wa Sengerema akiwa hajashuka tangu Mwanza. Tunashauri kusimama kwa hiari mahali salama kabla ya kuendelea Geita, kulizunguka gari na kugusa magurudumu, kwa sababu kituo cha lazima hakipo tena.

Nifanye nini kabla ya kuondoka ili nisiandikiwe?

Zunguka gari ukianzia mlango wako na urudi mlango uleule, usiku ukiwa na tochi. Washa taa zote na umwombe utingo akanyage breki wakati wewe uko nyuma ya tela. Ujaze upepo, zima injini, usikilize. Mlio wa kuvuja husikika vizuri zaidi alfajiri kabla mji haujaamka. Futa kibao cha namba, viakisi na taa za nyuma kila baada ya njia ya vumbi. Soma tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto. Weka leseni, bima, leseni ya LATRA, risiti ya EFD na hati ya mzigo katika bahasha moja inayofikika bila kupekua, kwa sababu dereva anayetafuta karatasi chini ya kiti humpa askari muda wa kulizunguka gari kwa makini.

Jenga pia kumbukumbu yako mwenyewe. Daftari dogo lenye tarehe, kituo, kilichokaguliwa na matokeo linaziba pengo tulilolitaja mwanzoni. Askari halazimiki kulikubali, lakini wapo wanaolisoma.

Nikivuka Sirari, Mutukula au Rusumo nitakaguliwa upya?

Ndiyo, na polisi wa nchi unayoingia watatumia sheria zao za barabarani, hata kama vikomo vya uzito ni vya Jumuiya nzima. Bima ya kawaida ya Tanzania haitoshi. Utahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA, na inatambulika Kenya, Uganda na Rwanda. Inunue Mwanza kabla ya kuondoka, kwenye kampuni ya bima iliyokukatia bima ya gari, na hakikisha majina ya nchi zote utakazopita yameandikwa juu yake.